Mafiga ya Nyumba ya Kwanza

Asubuhi hiyo rundo la mafiga nyuma ya karakana lilikuwa linanuka uji.

Kaneza alisimama langoni na ufunguo mkononi, akavuta pumzi mara mbili ili ahakikishe kwamba pua haimdanganyi. Ulikuwa uji wa mtama, tena uji ambao haujaiva, wenye ile harufu ya unga mbichi uliokutana na maji ya moto sasa hivi tu. Karakana ilikuwa imefungwa tangu jana jioni. Uani hapakuwa na mtu, wala moto, wala chungu. Palikuwa na mawe tu, elfu moja mia mbili na thelathini na sita, kila moja jeusi kwa masizi upande mmoja, na kila moja lina namba ya rangi nyeupe aliyoipaka yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Alijikaza, akaenda akaligusa jiwe la karibu. Lilikuwa na joto. Si joto la jua, maana jua lilikuwa bado liko nyuma ya vilima na mtaa mzima wa Kasingirima ulikuwa kwenye kivuli. Aliuondoa mkono, akaufunika kwa khanga, akachukua ufagio akaanza kufagia mahali ambapo palikuwa pamefagiliwa jana.

Kazi yake inataka maelezo kidogo, kwa sababu hata waliokuwa wakiifanya hawakuielewa sawasawa. Mradi ulifika Ujiji na gari jeupe na neno jipya, ajira za kijani. Wanawake kumi na wanne walifundishwa kufinyanga majiko banifu, majiko yanayokula kuni tatu pale ambapo mafiga hula kumi, na majiko hayo yakagawiwa bure nyumba kwa nyumba. Waliolipa ni watu wa nchi za mbali ambao hawatakaa wayaone majiko yenyewe. Walikuwa wananunua moshi ambao haukutoka. Bibi Siwema, mwenye nyumba alikopanga Kaneza, alipoelezwa habari hiyo alicheka mpaka akashika mbavu, akasema kama biashara ni hiyo basi na yeye anayo mihogo ambayo hakuipanda, waje wainunue. Lakini mwezi ulipoisha mishahara ikatoka, ya mwezi wa pili nayo ikatoka, watoto wa Kasingirima wakaonekana shuleni na sare mpya, na bibi Siwema akaacha kucheka.

Ili watu wa mbali waamini kwamba ule moshi kweli haukutoka, ulitakiwa ushahidi. Kila nyumba iliyopewa jiko ilitoa mafiga yake matatu ya zamani. Kaneza ndiye aliyekwenda kuyachukua, Ujiji na vijiji vya ufukweni hadi kule juu Kalinzi, nyuma ya pikipiki ya mradi, na gunia lake na kopo la rangi. Aliyabandua mafiga kutoka kwenye majivu ya watu, akayapaka namba ya nyumba, akayaleta uani. Nyumba mia nne na kumi na mbili zilikuwa zimelala pale, moja juu ya nyingine.

Yeye hakuwa kama wenzake. Wengi wao walikuwa wenyeji, au watoto wa waliovuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, ambao siku hizi wana uraia na viwanja. Hao wakimwaga unga wangerudi kwenye mawese na dagaa, maisha yakaendelea. Kaneza alivuka juzi tu, mwaka elfu mbili na kumi na tano, akapelekwa kambini, na kilichomtoa kambini ni barua moja yenye mhuri. Barua ilimruhusu kukaa mjini kwa muda wote atakaokuwa mfanyakazi wa mradi, si siku moja zaidi. Aliiweka kifuani ndani ya mfuko wa nailoni, na mara kwa mara mkono wake ulikwenda pale bila yeye kujua.

Asubuhi hiyohiyo ya harufu, Dismasi msimamizi aliwakusanya. Alikuwa Muha wa Kasulu, mtu mpole, asiyependa kutoa habari mbaya, kwa hiyo alianza na nzuri. Wakaguzi wa mfuko unaolipia mradi wanakuja Alhamisi. Wakiridhika, mkataba utaongezwa miaka mitatu. Kisha akakohoa. Watahesabu mafiga. Yakipungua, au wakikuta moshi wa mafiga kwa mfanyakazi yeyote, mfuko utafungwa na kila mtu atakwenda na hamsini zake. Aliposema kila mtu hakumtazama Kaneza, na kwa kutomtazama akawa amemwambia yote.

Siku ya pili Kaneza aliwahi zaidi. Rundo halikuwa rundo tena.

Mawe ya mbele yalikuwa yameshuka chini na kujipanga matatu matatu, yakitazamana, na katikati ya kila utatu paliachwa nafasi ya kutosha kuweka moto. Alihesabu meko ishirini na saba. Hayakuwa yamewekwa ovyo. Yaliwekwa na mtu anayejua kupika, figa la nyuma limerudi kidogo ili upepo wa ziwani usimpulizie mpishi moshi usoni. Aliyarudisha moja moja mpaka mgongo ukamuuma, na wenzake walipofika walimkuta amelowa jasho, akawaambia alikuwa anapanga vizuri kwa ajili ya wageni.

Alijaribu kuamini kwamba ni mzaha. Alimshuku mlinzi wa duka la jirani, kisha akawashuku wenzake, na jioni alipofunga lango alinyunyiza majivu uani kote, kutoka ukutani hadi kwenye mafiga, ili mwenye mzaha aache nyayo zake.

Siku ya tatu majivu yalikuwa meupe, hayakukanyagwa hata na kuku. Meko yalikuwa sitini na zaidi. Katikati ya kila moja palikuwa na kirundo kidogo cha majivu meusi zaidi, na Kaneza alipochutama akakigusa kwa kidole, kilimchoma.

Alikaa chini palepale kwenye majivu. Hivyo ndivyo alivyomkuta mama Rozalia, mfinyanzi mkuu wa karakana, mwanamke mwenye mikono mikubwa na ulimi usiojua kubembeleza. Rozalia aliletwa Ujiji mgongoni mwa mama yake mwaka ule wa sabini na mbili, akakulia kwenye mawese ya Ujiji, lakini Kirundi chake kilikuwa hakijachuja. Aliyatazama meko kwa muda mrefu. Hakushangaa, na hilo lilimtisha Kaneza kuliko meko yenyewe.

"Shikamoo, mama," Kaneza alisema, kwa kuwa hakujua aseme nini.

"Marahaba. Tangu lini?"

"Tangu jana. Harufu ilianza juzi."

Rozalia alitembea kati ya meko akiwa amekunja khanga yake ili isiguse kitu. Alisimama mbele ya utatu mmoja, karibu kabisa na lango. Mafiga mawili ya pale yalikuwa ya nyumba ya tisini na nne. La tatu lilikuwa na namba moja.

"Hili ni la nani?"

Jiwe hilo alilitia yeye mwenyewe, siku ya kwanza kabisa, kabla rundo halijawa rundo. Lilipaswa kuwa chini ya mengine yote, na kulifikia kulitaka nusu siku ya kubeba mawe.

"Ni langu," alisema. "La mama."

"Ego," Rozalia aliitikia taratibu kwa Kirundi. "Nawe ulililaza?"

Kwao, kwenye vilima vilivyo juu ya Nyanza-Lac, mama wa nyumba akihama hubeba figa moja kati ya yale matatu. Mawili huyaacha yamshikie nafasi. Kokote atakapoliweka lile moja na kuliongezea mawili ya ugenini, hapo pana nyumba. Siku akifa, binti yake mkubwa hupika chakula cha mwisho juu yake, watu wakala, kisha hulilaza jiwe kifudifudi, upande ulioungua ukitazama udongo, na kumwambia mama kwamba chakula kimeiva na watu wamekula. Asipofanya hivyo, mama hajui kama kazi yake imekwisha. Kaneza aliyajua hayo tangu utotoni kama alivyojua jina lake.

Mama yake, Inamahoro, alilibeba figa lake kwa miguu kandokando ya ziwa mpaka ufuko wa Kagunga, limefungwa kwenye kitenge pamoja na sufuria. Watu walikuwa maelfu pale ufukweni wakisubiri meli, wamebanana kati ya mlima na maji, na ugonjwa wa kuhara ukawaingia. Siku ya nne Inamahoro alilala chini asiinuke tena. Alimwomba Kaneza uji. Kaneza aliliweka figa, akaokota mawe mawili ya ufukweni, akawasha vijiti, akaweka maji, akatia unga. Mama yake alikuwa anautazama uji huku akisema, bado, mwana wanje, mwanangu, koroga, bado. Akafa ukiwa bado.

Watu wenye glavu walimchukua kabla ya saa sita mchana. Saa nane likaitwa jina la Kaneza apande mtumbwi wa kumpeleka kwenye meli. Aliumwaga uji mchangani, akalivuta figa kutoka motoni likiwa la moto vilevile, na alama ya jiwe ikabaki kwenye kiganja chake cha kulia mpaka leo. Hakulilaza. Palikuwa hapana hata nafasi ya kupiga magoti.

Hilo angeweza kujisamehe. Lile ambalo hakuweza kujisamehe lilitokea hapa uani. Siku mradi ulipoanza, Dismasi aliuliza nani yuko tayari kutoa mafiga yake kwanza, awe mfano, na wanawake wote walitazama chini, maana hakuna aliyependa meko yake yawe ya kwanza kubomolewa. Kaneza alikuwa na juma moja tangu atoke kambini. Aliitaka kazi ile kwa roho yake yote. Alikwenda chumbani kwa bibi Siwema, akalibandua figa la mama yake na yale mawili aliyoyaokota mjini, akayaleta. Watu walipiga makofi. Dismasi mwenyewe alichovya brashi akaonyesha namna ya kupaka namba, na tangu siku hiyo Kaneza akawa mchukua mafiga.

Alimsimulia Rozalia hayo yote akiwa amekaa majivuni. Rozalia alisikiliza bila kumshika bega.

"Basi yupo anapika," alisema alipomaliza. "Wewe ulimtilia unga kwenye maji ukaondoka. Afanyeje? Na hawa wengine wenye mafiga amewawashia."

"Nikilitoa kesho, watakuta moja limepungua."

"Najua."

"Na nikipika juu yake, ni moshi. Ni moshi wa mfanyakazi, mama Rozalia, tena wa nyumba ya kwanza. Nitarudishwa kambini."

"Na hilo najua," Rozalia alisema, na sauti yake ikalainika kidogo. "Mimi siwezi kukusemea. Jiko letu ni zuri, mikono yangu ndiyo inayolifinyanga. Lakini jiko lina mkataba. Mafiga hayana mkataba, Kaneza. Ukiyaanza ni lazima uyamalize."

Waliyarudisha mawe wawili. Figa namba moja Kaneza aliliweka chini kabisa, akalibebesha mengine mpaka rundo likamfika kidevuni. Siku nzima alipiga moyo konde. Alijiambia mambo ya kambini: foleni ya maji, turubai linalopigapiga, na zile siku zinazofanana mpaka mtu anasahau umri wake. Alijiambia kwamba mama yeyote angependa mwanawe abaki mjini na mshahara, hata kwa gharama ya sufuria moja ya uji. Maneno yalikuwa ya kweli yote. Jioni, alipokuwa anafunga lango, alisikia kwa nyuma mwiko unakwangua sufuria, taratibu, kama afanyavyo mpishi asiyetaka uji ushike chini. Aligeuka. Rundo lilikuwa limetulia. Kukwangua hakukukoma mpaka alipofika barabarani.

Alhamisi alifika na sufuria ndogo, unga wa mtama kwenye karatasi, na kiberiti. Hakuwa ameamua. Alijiambia hivyo njiani, kwamba amebeba tu.

Rundo lilikuwa mahali pake, limepangwa vizuri kuliko alivyoliacha. Lakini mbele yake, katikati ya ua uliofagiliwa, paliwekwa meko moja tu. Figa la nyuma lilikuwa namba moja. Mawili ya mbele hayakuwa na namba yoyote. Yalikuwa mawe laini ya mviringo, yenye unyevu, na mchanga wa ziwani ulikuwa umeshikana nayo. Karibu yake kulikuwa na mafungu matatu ya vijiti. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mpishi.

Hapo ndipo Kaneza alipolia. Alilia kwa kwikwi, kama mtoto aliyepotea sokoni na sasa ameonekana, maana alielewa kwamba hakuna aliyekuwa anamtisha. Mama yake alikuwa anamwita aje jikoni. Alimwita kwa harufu, akamwita kwa joto na kwa meko, na yeye siku tatu zote alikuwa anapanga mawe.

Aliwasha moto. Moshi wa vijiti vibichi kidogo ulipanda mnene na wa kijivu, ukavuka ukuta, ukaning'inia juu ya mabati ya Kasingirima mahali ambapo kila mtu angeuona. Wenzake waliingia mmoja mmoja, wakaona, wakarudi nyuma mpaka ukutani. Dismasi alikuja mbio akiwa amevaa shati lake la wageni.

"Dada Kaneza, zima," alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa anaomba. "Wako kona ya soko. Zima, tutasema ni takataka zilikuwa zinachomwa."

"Bado, bwana Dismasi," Kaneza alisema huku akikoroga. "Unakaribia."

Gari jeupe likaingia. Alishuka mwanamke mrefu wa makamo mwenye miwani na ubao wa kuandikia, na vijana wawili wenye kamera. Mwanamke yule aliuangalia moshi, akayaangalia mafiga, akainama kusoma namba, kisha akapekua karatasi zake mpaka ukurasa wa kwanza. Aliuliza jambo. Dismasi alimjibu kwa Kiingereza chake cha polepole, akatumia maneno machache. Kalamu ikatembea.

"Ameifuta nyumba ya kwanza," Dismasi alinong'ona. "Kaneza, amekufuta."

Kaneza aliusikia moyo wake ukidunda dhidi ya ile barua kifuani. Aliogopa, aliogopa sana, wala mkono haukuacha kukoroga. Uji ulikuwa umeanza kutokota kwa ile sauti nzito inayomwambia mpishi kwamba unga umekubali. Harufu ya ubichi ilikuwa imekwisha. Aliepua. Alimimina kwenye vikombe vya karakana, akampa Rozalia, akampa Dismasi ambaye alipokea bila kujijua, na kwa kuwa desturi inataka watu wale na haisemi watu gani, akampa na yule mwanamke mwenye miwani. Mwanamke alisita, akaweka ubao chini, akapuliza, akanywa. Kaneza alikunywa wake wa moto hivyohivyo.

Kisha alimwagia moto maji. Alilishika figa la mama yake kwa mikono yote miwili, ile alama ya kiganja cha kulia ikaangukia juu ya jiwe, akaliinua na kulilaza kifudifudi kwenye udongo.

"Mama," alisema kwa Kirundi, "chakula kimeiva. Tumekula."

Aliviacha viganja vyake juu yake. Palepale, chini ya mikono yake, jiwe lililotoka motoni wakati huohuo likapoa. Likawa la baridi kama jiwe lililookotwa ndani ya ziwa. Kaneza alibaki amepiga magoti, na kwa mara ya kwanza tangu Kagunga kifua chake kikapata nafasi ya kupumua.

Mwanamke mwenye miwani alirudisha kikombe, akainama kuchukua ubao wake, na wakati wa kuinuka akaegemeza mkono kwenye rundo la mafiga. Akauondoa upesi kama aliyegusa moto. Aliutazama mkono wake, akalitazama rundo, akauweka tena mahali pengine, juu zaidi, na tena mahali pengine. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alimwambia Dismasi maneno machache, safari hii kwa sauti ya chini.

Dismasi naye alikwenda akaligusa rundo.

"Anauliza," alisema mwishowe, "kama haya yote mengine yana wenyewe."

Kaneza aliinuka, akajifuta magoti. Alifikiria nyumba zote alizoingia na gunia lake, vikongwe waliomwangalia akibandua bila kusema neno, wajane waliogeukia ukutani, na jinsi alivyowashukuru wote akaenda zake. Alichungulia ndani ya sufuria. Uji uliobaki ulitosha kikombe kimoja.

"Mwambie yanao," alisema.

Akaenda kwenye rundo, akalitoa figa la kwanza lililofika mkononi, akaligeuza kwenye mwanga ili asome namba ajue ni la nyumba gani. Nyuma yake, mama Rozalia alikuwa ameshaanza kukusanya vijiti.